Banda Letu la Nane Nane

Ninyi wazazi mliochangia klabu yetu ya ujasiriamali, nina neno juu ya banda letu. Nawaomba radhi wanachama wenzangu, maana najua wengi hawatalipenda.

Mwaka jana tulikwenda Viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, tukiwa na vipande 200 vya sabuni tuliyoipika wenyewe. Tulirudi na vipande 163. Sasa yasemwa kwamba kosa lilikuwa banda kukosa mapambo, na ati fedha yote iliyobaki sandukuni itumike kukodi kipaza sauti, kununua maputo na kushonesha mapazia ya rangi. Mimi napinga.

Hebu tuseme kweli. Siku tatu nzima tulikaa nyuma ya meza kama wagonjwa wanaongoja zamu zahanati. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisoma gazeti. Mama mmoja alisimama, akainua kipande, akakinusa, akaniuliza, "Mwanangu, hii yatoa mafuta?" Nikamjibu, "Yatoa, mama," nikarudi kwenye gazeti langu. Akakiweka chini, akaenda zake. Lipo puto gani ambalo lingemrudisha?

Na jirani yetu je? Alikuwa na mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi, na juu ya meza yake hapakuwa hata na kitambaa. Kila apitaye alimwita, "Karibu mzee, zungusha mwenyewe!" Mzee azungusha, punje zamwagika ndooni, gunzi latoka tupu, watu wacheka, na wa nyuma wasogea mbele waone. Umati ule uliziba hata njia ya kuingilia kwetu, nasi tukakaa tukinung'unika badala ya kujifunza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1854, katika maonyesho ya New York, Elisha Otis alikuwa na kifaa cha kuzuia lifti isianguke kamba inapokatika. Angeweza kuandika bango zuri akakaa kando yake. Badala yake alipanda mwenyewe juu ya jukwaa la lifti, akavutwa juu mbele ya watu, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ilifungwa katika duka moja la ghorofa mjini humo.

Watanijibu kwamba mapambo huvuta watu. Sikatai. Huko Chicago mwaka 1893, H. J. Heinz alipewa nafasi juu kwenye roshani, mahali ambapo wageni waliochoka hawakupenda kupanda. Akatawanya vikadi vya kuwaahidi zawadi, kidude kidogo chenye umbo la tango, na watu wakapanda kwa wingi hata sakafu ikabidi kuimarishwa. Lakini waliofika juu walikuta vyakula vya kuonja. Sisi tukiwaita kwa kipaza sauti, wakifika watakuta nini? Mwanafunzi na gazeti lake.

Maoni yangu ni haya: tuchukue mabeseni mawili, maji, na matambara yenye grisi kutoka kwa fundi baiskeli. Mgeni afue mwenyewe. Gharama yake haifiki hata robo ya kukodi kipaza sauti, na fedha nyingine itanunua mafuta ya kupikia sabuni zaidi.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Na grisi isipotoka?" Nadhani hapo ndipo penye hofu yetu, na ndiyo sababu twayapenda maputo. Nami sijui kama itatoka. Hatujapata kuijaribu hata mara moja! Ni heri tuaibike hapa shuleni muhula huu kuliko mbele ya wakulima mwezi Agosti.

Kikao cha klabu ni Alhamisi saa kumi. Nitakuja na beseni na tambara moja jeusi kweli kweli. Anayenipinga naye aje na lake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu