Bi harusi, toka ukatembee peke yako



Mwanamme akitoka nyumbani baada ya alasiri bila shughuli, akazunguka mpaka Forodhani na kurudi, husemwa amekwenda kupunga upepo. Mwanamke akifanya vile vile, anazurura. Akirudia wiki ya pili, keshakuwa kiguu na njia. Sisi tunashona magauni ya harusi hapa Mji Mkongwe, na maneno hayo tunayasikia dukani kila siku tukiwa tumeshika futi. Leo tumeona na sisi tuseme letu: bi harusi anahitaji saa mbili za kuuzunguka mji huu peke yake, bila ya orodha ya vitu vya kununua, kabla hajawekwa ndani kwa singo na hina.

Tukisema peke yake ni peke yake. Si na mdogo wake, si na wifi, si na simu inayorusha video kwa kundi la harusi.

Anayeona tunatia chumvi aje akae dukani siku moja. Bi harusi anakuja kupimwa na watu watano. Shangazi anataka mikono mirefu zaidi, dada anataka lulu kifuani, wifi anataka rangi iende na mapambo ya ukumbi. Tukimuuliza mwenyewe anataka nini, anamtazama mama yake. Tunampima kiuno leo, baada ya wiki tatu tunampima tena tunakuta inchi mbili zimepotea, na hakuna aliyemwambia ajinyime chakula. Halafu wanatulaumu mafundi kuwa gauni linapwaya! Harusi ikipita kuna fungate, kuna ukweni, kuna mimba, kuna mtoto. Safari nyingine atakayopita Darajani atakuwa na kikapu mkononi na mtu nyumbani anayemsubiri na hicho kikapu.

Mji wenyewe umeumbwa kwa jambo hili. Umezungukwa na bahari pande mbili, na upande wa tatu ni ile barabara ya Creek, ambako zamani kulikuwa na mkono wa bahari uliotutenga na Ng'ambo. Jina la Darajani limetokana na daraja lililokuwa pale. Kwa hiyo ndani ya vichochoro unaweza kupotea, lakini hupotei mbali. Ukishika njia moja ukaifuata, mwisho wake utatokea baharini au barabarani. Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kupotea humu kwa makusudi, na tangu mwaka 2000 mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sisi tuliozaliwa humu tunajua njia moja ya kwenda sokoni na moja ya kwenda skuli.

Ingia Mkunazini, teremka Hamamni ambako Sayyid Barghash alijenga ile hamamu, pinda popote. Tazama milango, maana ukiwa na haraka huioni. Ile yenye kichwa cha mraba ni ya mtindo wa Kiarabu, na mingine ina aya ya Qur'ani imechongwa juu yake. Ile yenye upinde juu imechukua mtindo wa Kihindi. Pembeni mwa mlango utaona mnyororo umechongwa kuanzia juu hadi chini, na maua, na samaki. Sisi tumeshaitoa nakshi ya mlango wa Kiponda tukaitarizi kwenye pindo la gauni, na bi harusi alipoambiwa imetoka wapi alishangaa, kwa sababu nyumba ya bibi yake iko hatua chache kutoka pale.

Sasa tuseme lile linalozuia. Mteja wetu mmoja alikuja kujaribu gauni, umeme ukakatika, dada yake akawa ameshaondoka. Tukamwambia apite baada ya saa moja na nusu. Akatoka, akafika hadi Shangani, akanunua juisi ya miwa, akakaa kuangalia ngalawa. Hajarudi dukani, mama yake ameshapigiwa simu na watu wawili kuwa mwanawe ameonekana pwani peke yake, na wiki ya harusi imekaribia! Mama akaja mbio. Jioni habari imefika kwa mkwe, na mkwe akauliza alikuwa akimsubiri nani. Siku nne nyumba ile haikulala vizuri, na binti alilia mpaka macho yakavimba. Bwana harusi alipoulizwa kama ameudhika, alitaka kujua tu kama juisi ilikuwa na tangawizi.

Juu ya hilo sisi tuna msimamo. Masheikh wamezungumza sana kuhusu mwanamke kusafiri bila ya maharimu, na hilo tunawaachia wao. Lakini kutoka Mkunazini kwenda Shangani si safari. Hata sala hufupishi. Binti alijisitiri, ulikuwa mchana, alikuwa mbele za watu. Waliopiga simu ndio wa kujiuliza, maana Surat Al-Hujurat imeifananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa, na juu ya hilo hatujasikia masheikh wakikhitalifiana. Ajabu ni kwamba aibu yote aliibeba yule aliyekunywa juisi.

Hatusemi kila kitu ni shwari. Papasi wapo, na wapo wanaume wanaodhani mwanamke asiye na kikapu anatafuta wa kuzungumza naye. Vichochoro vingine vikishaingia kiza si vya kupita peke yako. Kwa hiyo toka mara baada ya alasiri na uwe umerudi kabla ya magharibi. Mwambie mtu mmoja tu unaelekea wapi, na awe ni mtu asiyekuwa na maneno mengi. Mwenye mume ataaga, hilo halina mjadala. Ukipita penye baraza la wazee wape salamu na uendelee na njia yako. Wazee wale wakishakujua unatoka kwa nani ni ulinzi kuliko mlinzi wa kulipwa. Na kama unapenda kusali msikitini ulizia mapema, kwani si kila msikiti una sehemu ya wanawake.

Mavazi ndiyo fani yetu. Baibui la kutembelea lisiburure: likate juu kidogo ya kisigino, kwani mawe ya mji huu hula pindo kwa siku moja, na mvua ikinyesha usiseme. Viatu bapa. Pochi ndogo yenye pesa za urojo na za kurudia nyumbani.

Na mama mliobaki nyumbani, hizo saa mbili msipige simu kila dakika kumi. Mkishindwa kabisa, njooni dukani. Kuna lulu mia tatu za kutungwa, na mikono yetu haitoshi.