Picha ya Wafalme Katika Kuta za Ukambani

Ukiingia majumbani mwa Wakatoliki wa Kitui na Makueni, si ajabu ukutani ukamkuta Bibi Maryamu wa kalenda: mweupe, joho la samawati, mawingu chini ya nyayo zake na malaika wachanga wamemzunguka. Mwislamu wa pwani huitupia jicho picha hiyo akapita, "Hayo ni yao." Mimi naona yafaa tuitazame kidogo. Bibi Maryamu si mgeni kwetu, naye ana sura yake katika Kurani.

Picha za namna hii zina ukoo. Mojawapo iliyo bora ilichorwa kwa rangi za mafuta na Giovanni Battista Tiepolo wa Venice, baina ya 1767 na 1769. Mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania alimwagiza picha saba za kanisa la San Pascual, huko Aranjuez. Mtindo wake ndio uitwao Rokoko, jina lililotokana na mapambo ya kombe na mawe: mistari ya kupinda, rangi nyepesi, anga wazi. Fundi alikuwa fundi, hilo silipingi. Lakini hata nyoka anayekanyagwa, tunda kinywani, haogofyi; ni uzuri wa ukumbi wa kifalme zaidi kuliko wa mahali pa toba.

Tiepolo akafa 1770, na haukupita muda picha zake zikateremshwa, zikatundikwa za Mengs na wenziwe, kwani ladha ya wakubwa ilikwisha kugeuka. Kumbe wenyewe waliuona ni mtindo tu! Basi kwa nini Ukambani udumu kama kwamba ndio uso wa dini yenyewe? Watu hawa wana vigoda vya miguu mitatu vilivyotiwa nyuzi za shaba zilizozungushwa kwa ustadi, na vibuyu vilivyochorwa kwa ncha ya chuma. Mkono huo ungeshindwa na nini kanisani?

Nasi tusiwacheke. Katika karne ile ile ya Tiepolo, mafundi wa Lamu walikuwa wakichonga zidaka kwa chokaa, maua na mistari juu ya mistari, pasi na sura ya kiumbe. Leo nyumba ngapi zimebomoa zidaka hizo, zikatundika saa ya plastiki yenye picha ya Kaaba, iliyotoka kiwandani ng'ambo?