Mama Yao Yuko Wapi?

Leo naomba tutafakari jambo ambalo huenda hukutarajia kulikuta kwenye safu hii siku ya Dominika: biashara ya watoto wa mbwa. Usigeuze ukurasa. Tutakapofika mwisho utaona kwamba tunazungumzia amri ya Mungu, na kwamba mimi ninayekuandikia sina mikono safi.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, mvua iliikata barabara ya Kusini huko Kilwa. Basi nililopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi lilikwama Somanga pamoja na mabasi na malori mengine mengi. Wanaopita njia ile wanajua kwamba siku za kawaida basi husimama Somanga kidogo tu, abiria wakanunua samaki wa kukaanga, safari ikaendelea. Safari hii tulishuka, tukakaa, tukalala.

Siku ya pili konda alifungua buti ili watu wachukue mizigo yao, tukasikia vilio vyembamba. Nyuma ya magunia kulikuwa na boksi la katoni lililotobolewa matundu na kufungwa kwa kamba. Ndani walikuwamo watoto watano wa mbwa, wa mbegu ile ya German Shepherd inayopendwa kwa ulinzi. Walikuwa wadogo mno. Walikuwa bado wanatafuta ziwa, kila mmoja akinyonya sikio la mwenzake. Mmoja alikuwa amekwisha kufa. Konda alisema ni mzigo wa watu, umelipiwa nauli, mwenyewe anaupokea Lindi. Akampigia simu aliyeutuma. Jibu tulilisikia sote: "Waache wafike hivyohivyo, mteja keshatoa hela."

Akasogea mama mmoja mtu mzima, muuza samaki. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akachungulia ndani ya boksi, kisha akauliza, "Mama yao yuko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Konda hakujua, na abiria tulitazamana.

Yule bibi ni Mwislamu, kama walivyo wengi wa pwani ile, na katika malezi ya dini yake mate ya mbwa ni najisi. Hakuwagusa. Lakini alikwenda akarudi na kifuu cha nazi chenye maji, akakitua taratibu ndani ya boksi. Kisha akatusimulia habari aliyofundishwa utotoni, ya mwanamke mwenye dhambi aliyemwona mbwa akihema kwa kiu penye kisima, akavua kiatu chake, akamtekea maji, na Mwenyezi Mungu akamsamehe kwa tendo hilo. Alipomaliza akarudi kwenye karai lake la samaki. Mimi padre nilikuwa nimesimama pale kitambo, nikiwahurumia wale viumbe kwa moyo wote, na maji sikuwa nimeleta.

Swali lake lilinichoma kwa sababu na mimi nimewahi kuwa mteja. Miaka kadhaa kabla ya hapo wezi walivunja ofisi ya parokia, na halmashauri ya parokia ikashauri tununue mbwa wa ulinzi. Nilipata namba ya muuzaji, nikatuma pesa kwa simu, nikaletewa watoto wawili wa mbwa ndani ya boksi kama lile la Somanga. Niliuliza bei. Niliuliza kama watakuwa wakali. Sikuuliza wana umri wa wiki ngapi, sikuuliza kama wamechanjwa, wala sikuuliza mama yao yuko wapi. Siku ya nne mmoja alianza kutapika na kuharisha damu. Daktari wa mifugo alisema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache, nao unazuilika kwa chanjo. Alikufa. Nakiri kwamba siku ile kilichoniuma zaidi ni pesa.

Hebu leo tumfikirie huyo mama ambaye sikumwuliza. Mbwa jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka, na mimba yake huchukua siku kama 63. Mfugaji mwema humngoja akomae ndipo ampandishe, humwacha akae na watoto wake wiki nane, kisha humpumzisha mwili urudi. Lakini mwenye kutazama pesa peke yake huhesabu kila joto linalopita kuwa hasara. Piga hesabu mwenyewe: watoto sita kwa uzao mmoja, uzao mara mbili kwa mwaka, kwa miaka sita. Hao ni watoto 72 kutoka mwili mmoja.

Watoto nao huondolewa mapema, kwa sababu kila wiki ya ziada ni gharama ya chakula, dawa ya minyoo na chanjo, na kwa sababu wanunuzi huvutiwa na kidogo kinachoenea kiganjani. Mama hubaki bandani akiwatafuta, maziwa yamemjaa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na mzazi huyo, siku atakapochoka kuzaa, atakuwa hana faida tena kwa mwenye banda.

Pita kwenye mitandao ya kijamii uone matangazo. Utaona picha ya mtoto mnene, manyoya yamechanwa, utepe shingoni, na bei. Picha ya mama huioni. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hapa chombo kimeundwa kwa mwili wa kiumbe asiyeweza kukataa.

Sasa tufungue Maandiko. Amri ya Sabato, katika Kutoka 20 na Kumbukumbu la Torati 5, inataja kwa orodha wanaostahili kupumzika: wewe, mwanao, binti yako, watumishi wako, mgeni aliye kwako, na pia mnyama wako. Kumbukumbu la Torati linamtaja ng'ombe na punda kwa majina yao. Tumezoea kuisoma amri hii kama agizo la kwenda kanisani. Lakini ni agizo pia kwa mwenye mali: faida yako ina mpaka, na mpaka huo unapita katika mwili wa mnyama wako. Mama mbwa anayezalishwa bila kupumzishwa ni kiumbe aliyenyimwa Sabato yake, na aliyeiweka Sabato hiyo ni Mungu.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 6 na ya 7. Ukikuta kiota, na ndege mama amelalia mayai au makinda, usimtwae mama pamoja na watoto. Mwache mama aende zake. Atakayeshika agizo hili dogo anaahidiwa heri na maisha marefu. Ahadi hiyo umewahi kuisikia wapi? Katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu ameweka thawabu ileile kwa anayemheshimu mama yake mzazi na kwa anayemhurumia mama wa ndege porini. Sidhani kama hilo limetokea kwa bahati.

Najua kuna msomaji anayesema: "Padre, watoto wa binadamu wanalala njaa, na wewe unatuhubiria mbwa?" Hoja hiyo naiheshimu, na Kanisa limeitazama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kumtesa mnyama au kumwua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Pili, haistahili kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuwaondolea watu taabu zao. Kwa hiyo sikuombi umpende mbwa kuliko jirani yako. Nakuomba uone kwamba hatuchagui kati ya mtoto mwenye njaa na mama mbwa aliyechoka. Moyo unaozoea kusema "wafike hivyohivyo, mteja keshatoa hela" hauishii kwenye boksi la mbwa. Kesho utasema hivyohivyo juu ya msichana wa kazi za ndani, na keshokutwa juu ya kibarua.

Tena madhara yanarudi kwetu. Mtoto wa mbwa anayetengwa na mama kabla ya wakati hukosa kufundishwa na mama na ndugu zake namna ya kuuma kwa kiasi na kuishi na wengine; wengi hukua na woga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto wa nyumbani. Mbwa asiyechanjwa huweza kubeba kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishamtokea mtu karibu kila mara humwua. Wanakilwa wanaujua. Lindi ni miongoni mwa mikoa ya kusini mashariki ambako, kuanzia mwaka 2010, ulifanyika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani. Ni hasara iliyoje kuzilinda mbwa za kijijini kwa chanjo, halafu tukaletewa wengine kwenye buti za mabasi bila hata cheti.

Nchi yetu haiko kimya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inampa binadamu wajibu wa kumtunza. Wenzetu wa Uingereza wamekwenda hatua zaidi. Mwaka 2013 aliokolewa kutoka shamba la kuzalishia mbwa huko Wales jike mmoja aliyeitwa Lucy, uti wa mgongo umepinda kwa miaka ya kuzalishwa akiwa amefungiwa. Alikufa mwaka 2016. Watu waliosikia habari zake walidai sheria, na tangu Aprili 2020, kule England, muuzaji wa kibiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita isipokuwa amemzalisha mwenyewe, na mnunuzi aonyeshwe mtoto huyo akiwa na mama yake, mahali alipozaliwa. Kwa maneno mengine, sheria nzima imejengwa juu ya swali la yule bibi wa Somanga.

Kijana unayefuga mbwa wa kuuza, sikuhukumu. Ajira ni ngumu, na kazi ya mikono yako yaweza kuwa ya heshima. Ila mpe mama wa banda lako pumziko kati ya uzao na uzao. Usimpandishe kabla hajakomaa, wala kwa baba yake au kaka yake. Mpe nafasi ya kutembea, kivuli na maji. Usimtoe mtoto kabla ya wiki nane. Mwite daktari wa mifugo, toa chanjo, andika cheti. Akizeeka, mtunze, amekulisha. Ukifanya hivyo faida itapungua, lakini itakuwa halali mbele za Mungu.

Nawe mnunuzi, kwako nina neno zito zaidi, maana ni neno langu mwenyewe. Biashara hii inaendeshwa na pesa yetu. Kabla hujatuma shilingi, sema: "Nataka kumwona mama yao." Nenda kwa miguu yako. Mwangalie mama: amenenepa au mbavu zimetokeza? Anakuja kwa bwana wake au anajikunyata? Ukipewa visingizio, ondoka. Na usinunue kwa huruma ukidhani unamwokoa mmoja, kwa sababu pesa utakayoiacha hapo ndiyo itakayompandisha mama yake tena. Ukihitaji mlinzi, jirani mwenye mbwa wa kawaida aliyezaa atakupa mtoto mwenye afya, nawe umchanje, umlishe. Mbwa wa kienyeji naye hubweka mwizi akija.

Barabara ilipofunguliwa, boksi lilirudishwa kwenye buti na wale wanne waliobaki wakafika Lindi wakiwa hai. Niliporudi parokiani nilimwendea yule mbwa wetu aliyesalia, aliyekuwa amekwisha kuwa mkubwa, nikampelekea maji kwa mkono wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikuwa ametulinda muda wote huo, nami kazi ya kumnywesha nilikuwa nimemwachia mlinzi wa usiku.

Katika Injili ya Luka, Bwana anatuambia kwamba hata shomoro anayeuzwa kwa bei ya chini kabisa hasahauliki mbele za Mungu. Angalia kwamba shomoro hao walikuwa sokoni, wamewekewa bei, na Mungu bado aliwakumbuka. Jumapili hii unapopumzika, kumbuka kwamba pumziko hili hukupewa peke yako. Mtazame mnyama aliye uani kwako, au yule unayetaka kumnunua, ukaulize swali ambalo mimi nilichelewa kuliuliza.

Nakutakia Dominika njema.