Msidharau Karatasi za Wanafunzi wa Sheria



Wapo miongoni mwetu wanaocheka wakisikia kwamba wanafunzi wa sheria hapa Marekani huandika makala za kutaka sheria zibadilishwe. "Kijana hajapata hata leseni ya uwakili, atairekebishaje sheria?" Sisi tunasema: anayecheka hajawahi kusimama mbele ya jaji wa uhamiaji bila wakili.

Hali ilivyo ni hii. Mtu asiye na uwezo akishtakiwa kwa kosa kubwa la jinai, serikali humpa wakili. Ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1963 katika kesi ya Gideon. Lakini anayetakiwa kufukuzwa nchini hapewi, kwa kuwa kesi yake huhesabiwa kuwa ya madai. Sheria ya uhamiaji ya 1952 inamruhusu kuwa na wakili, ila serikali isitoe hata senti. Jaji ni mtumishi wa Wizara ya Sheria, wakili wa upande wa pili hulipwa na serikali hiyo hiyo, na mama wa watoto wanne hujitetea peke yake kupitia mkalimani. Hiyo ni mizani gani?

Wanafunzi wamelisema jambo hili katika majarida ya vyuo vyao, wakidai serikali igharimie wakili wa asiyejiweza. Wana haki. Jiji la New York lilianza mwaka 2013 kuwalipia mawakili wahamiaji waliomo kizuizini, na hazina yake haikufilisika.

Mtasema hizo ni karatasi tu. Gideon naye alikuwa mfungwa wa Florida, akaandika ombi lake kwa penseli. Karatasi ile ndiyo iliyobadili sheria.

Nanyi wanafunzi, wakiwemo watoto wetu, tunawadai. Mnawaandikia majaji na maprofesa, na sisi tunaoumia hatuzioni hoja zenu. Zifupisheni kwa Kiswahili, zisomwe misikitini, makanisani na katika mikutano ya jumuiya.

Na sisi tuache kunyamaza kwa kuona aibu ndugu anapokamatwa. Tuwape vijana hawa habari zetu za kweli, maana hoja bila ushahidi ni kelele. Kidole kimoja hakivunji chawa.