Upepo una lake, nami nina langu

Jumapili hii naomba mnivumilie nianze na mchezo ambao wengi wetu hapa Simiyu hatujawahi kuuona kwa macho. Kwetu Bariadi tunajua mpira wa miguu, na wazee wetu wanajua mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Ukisema unacheza gofu, mtu anakutazama kama umemwambia umenunua meli. Mimi nilijifunza ukubwani, nilipokuwa mtumishi Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Lugalo. Ni mchezaji wa ridhaa, na siyo mzuri. Nilipostaafu nikarudi nyumbani kulima pamba, fimbo zangu nikazitundika ukutani.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ni hivi. Unapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Mashimo ni 18, na anayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Hakuna refa wa kutembea na wewe. Mwenzako ndiye anayeandika kadi yako, lakini kwa sehemu kubwa anaandika unachomwambia. Mwisho mnasaini wote wawili, na sahihi hiyo ni kama kiapo.

Agosti mwaka huu, tulipokwisha kuuza pamba, mwanangu anayefanya kazi Mombasa alinialika. Nilipanda basi kupitia Moshi, Taveta na Voi. Mwishoni mwa wiki akanipeleka Vipingo, kaskazini mwa Mombasa katika kaunti ya Kilifi, nchi ya mkonge na mibuyu. Pale juu ya mwinuko unaotazama Bahari ya Hindi kuna uwanja wa gofu wa hadhi ya mashindano makubwa. Wanawake wa kulipwa kutoka Ulaya na kwingineko wameshindana hapo. Mwaka 2019 alishinda Esther Henseleit wa Ujerumani, na mwaka 2023 akashinda Aditi Ashok wa India. Sasa hapo nikasimama mimi, mkulima wa pamba, na kofia yangu naishikilia isipeperuke.

Ulikuwa msimu wa kusi. Kule pwani upepo hauji na kupita kama vimbunga vyetu vya vumbi vya mwezi wa tisa. Unavuma asubuhi hadi jioni bila kupumzika. Mkwaju wangu wa kwanza niliupiga vizuri sana, mpira ukapanda juu, kisha ukapinda kama ng'ombe aliyeona majani ya jirani, ukatokomea vichakani. Kijana aliyenibebea fimbo, mwenyeji wa Kilifi, akaniambia kwa heshima, "Mzee, usishindane nao. Piga chini, na ulenge kule pembeni kwenye mbuyu. Upepo utaurudisha wenyewe." Nikamtii, na mambo yakawa nafuu.

Tulipofika kwenye shimo moja linaloelekea baharini, mpira wangu ulisimama hatua mbili tu kutoka shimoni, kwenye zile nyasi fupi laini kama zulia. Nilikuwa bado nausogelea, sijaugusa, upepo ukavuma kwa nguvu zaidi. Mpira ukatikisika, ukaanza kubingirika taratibu, ukashuka mteremko mpaka nje kabisa kwenye nyasi ndefu. Nikamuuliza mwanangu, "Sasa hapa nimekosa nini?" Akacheka. "Hujakosa kitu, baba. Umesukumwa na upepo. Hakuna adhabu. Ila unapiga kutoka hapo ulipo sasa."

Nimeitafakari sana sheria hiyo. Haikuwa hivyo siku zote. Mei 2011, kule New Orleans Marekani, mchezaji wa kulipwa Webb Simpson alikuwa anaongoza mashindano siku ya mwisho. Alipojiandaa kuusukuma mpira uliokuwa karibu kabisa na shimo, ukasogea. Sheria ya wakati ule ilisema kwamba mchezaji akishaiweka fimbo nyuma ya mpira, mpira ukisogea ni kosa lake, hata kama kila mtu anaona ni upepo. Akaongezewa mkwaju mmoja, na mwisho wa yote akashindwa na Bubba Watson katika mashimo ya nyongeza. Watunga sheria wa gofu wakakaa wakatafakari, na kuanzia Januari 2012 wakabadilisha. Ikijulikana kwamba siyo mchezaji aliyesababisha, haadhibiwi.

Watu wa mchezo waliona kwamba si haki kumhesabia mtu kazi ya upepo. Je, sisi wa kanisa tumeliona hilo?

Nauliza kwa sababu namfahamu bibi mmoja wa mtaani kwetu. Novemba mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, upepo mkali uliezua mabati ya nyumba yake. Bati moja likaruka na kumjeruhi mtoto wa jirani mguuni. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini maneno yakaanza. Kwa nini nyumba yake, na siyo ya mwingine? Kwa nini bati limpige mtoto? Na tazameni macho yake yalivyo mekundu. Macho ya mama zetu ni mekundu kwa sababu wamepika miaka hamsini kwenye moshi, na kila mmoja wetu amekula chakula kilichopikwa na macho hayo. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua maneno ya namna hiyo yamewahi kuishia wapi. Tumezika akina bibi waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya rangi ya macho tu. Aibu hiyo ni yetu.

Jumapili moja akaja mhubiri mgeni. Akafundisha kwamba dhoruba haiji nyumbani mwa mtu bila mlango kufunguliwa, na mlango huo ni dhambi iliyofichwa. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, maana vichwa viligeuka vyenyewe kuelekea benchi alilokaa bibi yule. Tangu siku hiyo hakuonekana tena kanisani.

Ndugu zangu, fungueni kitabu cha Ayubu, sura ya kwanza. Watoto wa Ayubu walikuwa wanakula pamoja nyumbani kwa kaka yao mkubwa, upepo mkubwa ukatoka jangwani, ukaipiga nyumba, wakafa wote. Ni nyumba iliyoangushwa na upepo, kama ya bibi yetu. Rafiki zake wakaja, wakakaa naye kimya siku saba, na hapo walifanya vema. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi. Na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Ilibidi Ayubu awaombee.

Au msomeni Luka sura ya 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18. Yesu akakataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, aliwajibu kwamba si huyo wala wazazi wake. Kisha akamponya. Hakumwachia maelezo, alimwachia macho.

Lakini kule Vipingo siku ile haikuishia hapo. Naomba niseme na hili ambalo si zuri kwangu.

Mbele kidogo mpira wangu uliingia kwenye majani marefu. Nilikuwa peke yangu, wenzangu wako mbali, na kijana wangu alikuwa anatafuta mpira wa mtu mwingine. Nikayakanyaga majani nyuma ya mpira kidogo, nikayabonyeza kwa fimbo ili nipate nafasi. Mpira ukashuka, ukasogea kama upana wa kiganja. Safari hii haukuwa upepo. Nilikuwa mimi. Sheria inasema ujiongezee mkwaju mmoja na uurudishe mpira ulipokuwa. Nikatazama huku na huku. Upepo ulikuwa unavuma sana, na moyo wangu ukaniambia, "Ni upepo." Nikapiga, nikaendelea. Aliyekuwa anaandika kadi yangu aliponiuliza, nikamtajia hesabu bila mkwaju ule.

Tulikuwa watu wanane katika shindano dogo la kirafiki, na kwa hesabu ile nilikuwa nimepata nafasi ya tatu. Mimi, mzee wa kanisa. Tulipokaa mezani kusaini, kalamu ikawa nzito. Nilikumbuka habari ya Bobby Jones, Mmarekani aliyekuwa mchezaji wa ridhaa kama mimi, ingawa yeye alikuwa bingwa. Mwaka 1925, katika mashindano makubwa ya nchi yake, mpira wake ulisogea kidogo majanini. Hakuna mwingine aliyeona. Akajiongezea mkwaju mwenyewe. Baadaye akafungana na Willie Macfarlane, wakarudiana, akashindwa. Ule mkwaju mmoja ndio uliomnyima kombe.

Nikawaambia wenzangu ukweli. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga kutoka mahali pasipo pake, wakaniongezea miwili. Kutoka 101 nikawa na 103, na nafasi ya tatu ikaenda kwa mwingine. Mwanangu hakusema kitu. Alinimiminia chai tu.

Usiku ule sikupata usingizi. Nililala nasikiliza kusi likitikisa madirisha, nikamwona bibi yule. Nikakumbuka kwamba siku ile ya mahubiri nilikuwa nimekaa mbele, kwenye kiti cha wazee. Nilijua fundisho lile lina kasoro. Ningeweza kusimama baada ya ibada nikasema neno. Ningeweza kumfuata nyumbani jioni. Sikufanya. Kwa miezi tisa nilijiambia kwamba ndivyo hali ilivyo, watu wamechafuka, upepo ni mbaya, ngoja utulie. Upepo uliezua mabati, hilo si langu. Kunyamaza kulikuwa kwangu, na kwenye kadi sikukuandika.

Hapo ndipo nilipomwelewa Bwana Yesu katika Luka 13 kwa namna mpya. Baada ya kusema kwamba waliokufa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wengine, hakuishia hapo. Aliwageukia waliokuwa wanauliza, akawaambia watubu wao. Sisi tumegeuza. Dhambi ya aliyeangukiwa na mnara tunaichimba hadi mizizi, na ya kwetu tunaisingizia upepo. Adamu alifanya hivyo hivyo pale bustanini. Alipoulizwa, akamtaja mwanamke, na ndani ya jibu hilo akamlaumu hata Mungu aliyempa.

Niliporudi Bariadi nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta anachambua mchicha chini ya mti. Nikamsalimu, nikaketi, nikamwambia, "Mayu, nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile nilinyamaza." Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mhubiri simjui, alikuja akaondoka. Mimi nilikuwa nakutazama wewe." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Wazee wenzangu tulichangishana, tukarudishia mabati na kuyapiga misumari mirefu zaidi. Siyo hisani. Tumechelewa karibu mwaka mzima. Na Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waumini nikaeleza nilichokosa, kwa sababu aibu aliyoipata ilikuwa ya hadharani. Bibi amekuja ibadani mara mbili tangu hapo. Anakaa nyuma, karibu na mlango. Sijui kama atakuja mara ya tatu, na sina haki ya kumdai.

Wapendwa, Novemba inakaribia. Mvua zikianza, upepo utaezua paa la mtu tena. Mahindi ya mtu yatalala, ng'ombe wa mtu atapigwa na radi, mimba ya mtu itaharibika. Nawasihi wachungaji, mapadri, makatekista na wazee wa kanisa wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tukubaliane mapema. Mwenye nyumba iliyoezuliwa asiulizwe alifungua mlango gani. Aulizwe anahitaji mabati mangapi. Na anayeanza kunong'ona juu ya macho ya bibi wa mtu, anyamazishwe siku hiyo hiyo, kabla mnong'ono haujashika panga.

Na wewe uliyepigwa, usijibebeshe mkwaju ambao hukuupiga. Bwana hakuandiki kosa kwa sababu ya dhoruba. Ni kweli, itabidi uanzie pale ilipokuacha, na wakati mwingine ni mbali sana na shimo. Huko majanini hauko peke yako. Petro alipoanza kuzama kwa kuuogopa upepo, mkono ulinyooshwa kabla upepo haujakoma.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, tukae na kadi zetu. Yaliyo ya upepo tuyaache kwa Mungu. Yaliyo yetu tuyaandike, hata kama hakuna aliyeona.