AKIBA KABLA YA TUFANI



Ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, katika mkoa wa Tanga, mvua za Oktoba 2019 zilikata barabara na kubomoa madaraja huko Korogwe na Handeni. Daraja likijengwa upya, saruji na mishahara huingia katika hesabu za nchi kuwa ni kazi iliyofanyika, na asomaye upesi hudhani mafuriko yameleta neema. Sivyo. Fedha hizo zingaliweza kujenga daraja la pili pasipokuwa na daraja kabisa. Na mkulima ambaye mazao yake yaliozea njiani, hasara yake ni nani aiandikaye?

Tena daraja hujengwa kwa miezi. Mkarafuu hautaki haraka: tangu kupandwa mche hata kuchuma ni miaka sita au zaidi. Hayo wayajua wenzetu wa Muheza walimao karafuu katika milima ya Usambara, nasi twayajua.

Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Kiliangusha kiasi cha theluthi mbili za mikarafuu, kikavunja vyombo bandarini, na huko bara kikabomoa majumba ya misheni ya Bagamoyo. Pemba ilisalimika. Bei ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba, waliotumia jasho la watumwa, wakauza kwa faida na kuzidisha kupanda. Tangu hapo Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Basi tusijisifu. Haikuwa akili yetu, ilikuwa njia ya upepo tu. Na huko Unguja, aliyekuwa amekopa kwa kutegemea mavuno alibaki na deni, na mti umelala chini.

Upepo haujasahau njia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Kwa hiyo twaona mambo matatu yafaa. Kwanza, kila msimu mwanachama atenge sehemu ndogo ya mauzo yake kwa mfuko wa maafa wa chama. Pili, kila tawi liwe na kitalu cha miche, ili mti ukianguka leo mwingine upandwe msimu huu huu. Tatu, tusitegemee mkarafuu peke yake. Mdalasini, pilipili manga na minazi ina nafasi katika mashamba yetu.

Twajua mtasema: ada za skuli zangoja, na wachumaji wataka ujira wao. Ni kweli. Lakini mwenye kushindwa kuweka kidogo wakati wa mavuno, ataweza nini siku shamba likiwa tupu? Siku hiyo atakwenda kwa mkopeshaji, na mkopeshaji ndiye atakayetaja bei ya karafuu zake za miaka ijayo.

Tuyazungumze haya mkutanoni kabla ya vuli, wala tusingoje mawingu. Akiba haiozi.