Klabu ya Wazee Si Foleni ya Msaada

Ifikapo 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wazee hukusanywa chini ya turubai, mgeni rasmi huhutubia, mchele na sukari hukabidhiwa, picha ya pamoja hupigwa, na watu hutawanyika. Siku hiyo iliwekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na ni vizuri kwamba ipo. Mzee aliyepata kilo tano za mchele hakupoteza kitu. Ila toleo hili limetengwa kwa ajili ya siku nyingine zote za mwaka, zile ambazo hakuna turubai wala mgeni rasmi, na wazee wamekutana wenyewe kwa sababu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi na mwenyekiti wao amesema kikao kipo.

Kinachofanyika siku hizo ndicho kinachotenganisha klabu iliyo hai na orodha ya majina iliyobaki kwenye faili la ofisi ya kata. Gazeti hili linashikilia kwamba klabu ya wazee hudumu pale wanachama wake wanapokuwa na kazi ya kuwafanyia watu wengine. Klabu iliyoundwa ili wanachama wapokee tu hufa siku mfadhili anapoondoka, na mara nyingi hufa hata kabla ya hapo, kwa kuwa mtu mwenye akili timamu huchoka kukaa akisubiri kupewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Harare. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba au riziki. Mwaka uliofuata, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma katika kitongoji cha Mbare. Wauguzi walikuwa wameelemewa na kazi, na ndani ya zahanati hapakuwa na chumba cha ziada. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, na nafasi nje ya jengo. Likawekwa benchi chini ya mti. Daktari alipotaka kulipa jina lenye neno la ugonjwa wa akili, bibi hao walimkatalia: nani atakubali majirani wamwone amekaa pale? Likaitwa benchi la urafiki, na watu wakaja.

Kwenye benchi hilo bibi husikiliza, humsaidia mgeni wake kutaja matatizo yake moja baada ya jingine, kisha wote wawili huchagua tatizo moja la kuanza nalo na hatua ya kuchukua wiki hiyo. Mwaka 2016 jarida la tiba la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa Harare kwa watu 573. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliokaa na wahudumu wa benchi, aliyebaki na dalili alikuwa takriban mmoja kati ya saba. Mpango huo umeshavuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar. Ni matokeo makubwa, na yameletwa na wanawake ambao kwingineko wangeandikwa kwenye daftari la wahitaji.

Tanzania ina hadithi yake ya namna hiyo, ingawa inasimuliwa kidogo mno. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, bibi wa Muleba na Bukoba walizika watoto wao na kuanza upya kulea: kuamka alfajiri, kutafuta ada, kuketi shuleni kwenye mkutano wa wazazi wakiwa na umri wa miaka sabini. Mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee lilianza kazi Nshamba, wilayani Muleba, likiwapa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Ripoti ya tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilibeba kwenye kichwa chake chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa maana huko ndiko fedha ya mzee ilikokwenda. Wazee hao walijiunga pia katika vikundi vya kusaidiana. Anayedhani kwamba pensheni ya mzee ni fedha inayoishia kwa mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake, aitafute ripoti hiyo.

Fedha na mkutano vinakwenda pamoja kuliko inavyodhaniwa. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa karani, mvuvi au mama wa nyumbani; mwaka 2023 kiwango kilipanda hadi Sh 50,000. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa kuwaingiza wazee wa miaka 70 na zaidi katika Inua Jamii, Sh 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mahali ambapo malipo hufanyika ana kwa ana, siku ya malipo huwa kikao hata kama hakuna aliyekiitisha. Watu huulizana hali, huambiana nani amelazwa, na asiyeonekana hutumiwa mtu kumwangalia. Malipo yanapohamia kwenye simu, jua na foleni vinakwisha, na hilo ni jema lisilo na shaka. Lakini ile siku ya kuonana nayo inapotea, na hakuna bajeti ya serikali inayoiandika kama hasara. Hapo ndipo klabu inapotakiwa kuziba pengo, na yafaa ianze kabla mabadiliko hayajafika.

Kuonana huko kuna mahali ambapo kunaokoa maisha. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi; ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa baadhi ya miaka zimetaja mamia ya waliouawa, wengi wao wanawake. Macho mekundu yamechukuliwa kuwa ushahidi. Macho hayo yameiva kwa moshi: kuni zimekuwa adimu, na mwanamke aliyepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa kwa miaka arobaini, kwenye jiko la mafiga matatu ndani ya kibanda kisicho na dirisha, hawezi kuwa na macho meupe. Wilayani Magu, shirika la Maperece lilishughulikia tatizo hili kuanzia jikoni, kwa kusambaza majiko sanifu yanayotumia kuni kidogo na kutoa moshi mdogo, na kwa kuwaboreshea wazee makazi. Ukilitazama haraka, jiko la udongo halina uhusiano na mauaji, lakini hupunguza moshi unaowapa watuhumu ushahidi wao.

Upande wa pili wa mpaka, Kilifi nchini Kenya, mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Huko wanaotuhumiwa mara nyingi ni wanaume wenye mvi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba ambalo kijana hataki kungoja kulirithi. Wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili umri wao usitambulike. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, Ganze, ambako kuna makazi ya kuwahifadhi waliotishiwa maisha. Mzee anayeishi peke yake, asiyetembelewa, ambaye hakuna anayejua alikula nini jana, ndiye aliye rahisi kusingiziwa. Mzee ambaye kila Jumamosi anaonekana na wenzake ishirini ana mashahidi ishirini wa maisha yake.

Na Korogocho, Nairobi, bibi wameamua kutongoja ulinzi wa mtu. Kikundi cha Shosho Jikinge kinawafundisha wanawake wa miaka sitini hadi zaidi ya themanini kupiga teke, kukwepa, kulenga pua na kidevu, na zaidi ya yote kupiga kelele ya nguvu ili majirani wasikie. Kilizaliwa kutokana na ubakaji wa wanawake wazee, waliolengwa kwa dhana kwamba hawana virusi vya UKIMWI na hawawezi kupigana. Waandishi wa habari wa nje hupenda kuwapiga picha kama kioja. Wenyewe wanafanya mazoezi kwa sababu njia ya kwenda chooni usiku ni ileile.

Kwenye mazoezi ya kawaida, vikundi vyetu vimelala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani, na walio hatarini zaidi ni wazee. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mwongozo wake wa mwaka 2020 unashauri mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Hayahitaji mashine: kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, kusimama kwa mguu mmoja ukishika ukuta, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Japani ilianza kutangaza mazoezi ya viungo redioni mwaka 1928, na hadi leo saa 12:30 asubuhi wazee hukusanyika kwenye bustani za mitaa wakayafanya pamoja. Redio za jamii zilizojaa Afrika Mashariki zingeweza kutoa dakika kumi za asubuhi kwa jambo hili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tangazo moja la sabuni.

Pwani ya Waswahili haikuhitaji kufundishwa na mtu kwamba wazee wanapaswa kukutana. Baraza za Mji Mkongwe na Lamu, zenye kahawa chungu, bao, dhumna na mabishano ya siasa, ni klabu zilizotangulia mashirika yote yaliyotajwa hapa. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kimepita katika usultani, ukoloni na mapinduzi, na bado kipo. Hata hivyo baraza ya kahawa ni ya wanaume. Bi mkubwa hupita njia akitoa salamu, haketi. Wanawake walikuwa na mikusanyiko yao, ngoma za lelemama na vyama vya kufaana, na ndiyo maana Bibi Titi Mohamed alipotafuta wanachama wanawake wa TANU mwaka 1955 alianzia kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam: viongozi walikuwapo, mitandao ilikuwapo, siku za kukutana zilijulikana. Klabu ya wazee inayoundwa leo ikiwa na wanaume tu mbele na wanawake nyuma wakipika chai imetupa nusu ya nguvu zake, maana wajane ndio wengi.

Jambo jingine ni sauti. Tanzania ina desturi ndefu ya rais kulihutubia taifa kupitia wazee wa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere aliwaaga wazee hao katika ukumbi wa Diamond Jubilee Novemba 1985, alipokuwa akiondoka madarakani. Ni heshima kubwa. Lakini katika desturi hiyo wazee husikiliza. Uganda imekwenda mbele kidogo: tangu mwaka 2021 Bunge lake lina wawakilishi watano wa wazee. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na hospitalini mzee ana haki ya kupishwa. Anayejua kama kweli anapishwa katika zahanati ya kijiji fulani ni klabu ya kijiji hicho, iwapo ina tabia ya kuandika.

Ndiyo maana gazeti hili linaomba taarifa za kila mwezi. Taarifa nyingi zinazofika mezani kwa mhariri zinaeleza nani alitembelea kikundi na alileta nini. Kuanzia toleo lijalo nafasi itatolewa kwanza kwa zile zinazoeleza wanachama wenyewe walifanya nini. Kama wanne walikwenda kumwangalia mgonjwa, iandikwe walimkuta katika hali gani. Kama mwekahazina alisoma hesabu, iandikwe zimebaki shilingi ngapi na kama kuna aliyezihoji. Kama mzee mmoja aliwafundisha vijana kusuka ukili au kutengeneza mtumbwi, watajwe ni vijana wangapi na kama walirudi mara ya pili. Kama dawa za presha zilikosekana zahanati mwezi mzima, tarehe ziwekwe, maana tarehe ndizo mganga mkuu wa wilaya hawezi kuzipuuza. Taarifa za misiba zitaendelea kuchapishwa, zikiwa na mistari miwili mitatu kuhusu kazi ambayo marehemu aliifanya katika kikundi na nani ameichukua.

Kurasa mbili zimetengwa kwa taarifa hizo. Kikundi ambacho hakina mwanachama wa kuandika kinaweza kumwomba mjukuu arekodi sauti ya katibu kwa simu na kuituma. Ofisi ya mhariri itaiandika na kuwasomea tena kabla haijachapishwa.